Barua ya Mistari Mitatu

Kitabu cha kwanza kuwa changu nilikiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa hakuna neno ndani yake lililotoka kichwani mwangu. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza. Shule yetu ya kambini, mkoani Kigoma, ilikuwa na nakala moja tu, na mwalimu aliibeba ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, alinipa chaki nikawa nanakili ukurasa mzima ubaoni, na darasa lote likanakili kutoka ubaoni. Wenzangu walipotoka kucheza, mimi nilibaki kunakili wa kwangu. Mwalimu akipita kukagua madaftari hakuuliza nani ameelewa. Aliuliza nani ameruka mstari. Aliyeruka alisimama mpaka kipindi kiishe. Katika miaka yote ile sikuwahi kusimama, na nilijivunia hilo kuliko kitu kingine chochote.

Kwetu, hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kusoma. Ulichokinakili bila kosa kilikuwa chako.

Nayasema haya mapema ili msomaji ayajue, si ili yanitetee. Nilikwisha kujitetea mara moja, kwa neno moja, na neno hilo lilimpotezea mtu mwingine masomo yake.

Tulipofika Louisville, jimbo la Kentucky huko Marekani, mama na mimi, karatasi zangu zilisema nina miaka ishirini na mmoja. Kama karibu kila mtu aliyetoka kambini, nilizaliwa tarehe moja Januari, na mwaka ulioandikwa ulinizidishia miaka miwili kwa hesabu ya mama. Niliambiwa umri wa sekondari umenipita. Mama akapata kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, mimi nikapata kwenye ghala la viatu mtaa wa South End, kupanga maboksi kwenye mkanda unaotembea. Nilikuwa naenda na kitabu cha hesabu cha kujiandaa na mtihani ule wa watu wazima wanaotaka cheti cha sekondari. Wakati wa mapumziko nilikaa juu ya paleti, nikanakili mifano yake kwenye daftari.

Mama mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, aliyekuwa akifanya kazi pembeni yangu, alinizoea.

"Weye mutoto, hata ku pause uko unasoma tu?" alisema, akimenya yai. "Bon. Siku utakuwa docteur, utukumbuke sisi tulibakia na ma carton."

"Si udaktari, mama. Ni sehemu za hesabu tu."

"Sehemu za hesabu. Donc unagawanya nini, na hatuna kitu?"

Siku nisizokuwa na kazi nilipanda basi kwenda maktaba ya mtaa. Pale, mwishoni mwa mwaka 2014, nilimkuta msichana Mbulgaria aliyekuwa akiwasaidia watu wazima hesabu bila malipo. Alikuwa anasoma chuo hapo mjini kwa ufadhili. Ada yake yote ililipwa kwa masharti mawili: afanye saa zake maktabani kila wiki, na rekodi yake chuoni ibaki safi. Aliniambia hayo siku ya kwanza kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango wa dharura ulipo.

Alikuwa mrefu, na alivaa koti la kiume lililokuwa la kaka yake. Mifukoni alijaza mbegu za alizeti. Alizipasua kwa meno ya mbele, moja moja, na maganda akayatema kwenye kikombe cha karatasi huku macho yakiwa kwenye daftari langu.

Siku hiyo ya kwanza nilimfanyia maswali kumi na mawili ya sehemu. Alipita la kwanza, akatikisa kichwa kushoto na kulia. Nikalifuta. Akapita la pili, akatikisa tena. Nikalifuta. Nilifuta ukurasa mzima mpaka karatasi ikatoboka, na machozi yalikuwa karibu.

"Kwa nini unafuta?" akauliza. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa namna yake.

"Umetikisa kichwa."

"Ndiyo. Yote ni sahihi."

Tukatazamana. Akaanza kucheka hadi mhudumu wa maktaba akageuka. Kwao, alinieleza, kichwa kikienda kushoto na kulia maana yake ni ndiyo. Alikuwa amejizoeza kuacha, lakini akikazana kufikiri anasahau. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nauangalia ukurasa uliotoboka, nikiwaza kwamba nilikuwa nimepata kumi na mbili kati ya kumi na mbili na sasa hakuna ushahidi.

Tulizoeana majira yale ya baridi. Alitoka mji mdogo kandokando ya mto Danube, na shule yake ilikuwa na ukumbi mrefu wenye picha za wanafunzi wote waliopata ufadhili wa kwenda kusoma nje. Kila mwaka picha ziliongezwa. Wanne mwaka huu, sita mwaka ule, Uingereza, Ujerumani, Amerika. Gazeti la mji liliandika majina yao. Mama yake alikata kipande cha gazeti chenye jina la binti yake akakibandika ndani ya kabati la vyombo.

"Wale wasiokuwa na picha?" nilimuuliza.

"Hao ndio wanaopita ukumbini kila siku wakiziangalia."

Nikamweleza kuhusu ubao wa matangazo kambini, ulipobandikwa orodha ya watu wanaosafiri. Jinsi watu walivyosoma kwa kidole. Jinsi mtu akikosa jina lake alivyorudia kusoma, kana kwamba jina linaweza kuwa limejificha. Alinisikiliza bila kupasua mbegu. "Basi tumesoma ukumbi mmoja," alisema.

Mwezi wa tatu ulipoingia alinifunga mkononi uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Kwao watu wote huvaa uzi kama huo tangu siku ya kwanza ya mwezi, na mtu huuvua akiona mti umechanua. Wakati huo nilimwita dada. Naye alijifunza kuniita dada, akitamka d kwa nguvu mno.

Ni yeye aliyeniambia kuna mfuko wa ufadhili wa chuo kimoja huko Columbus, kwa watu waliokuja kama wakimbizi. Miaka minne chuoni, kila kitu kimelipwa. Cheti cha sekondari nilikuwa nimeshakipata kwa alama nzuri. Kilichobaki kilikuwa insha ya kurasa mbili kuhusu maisha yangu.

Niliandika mianzo tisa. Kila mmoja niliuchana kabla ya kufika sentensi ya tatu. Nikiandika kuhusu mama, ilionekana naomba huruma. Nikiandika kuhusu shule, ilionekana najisifu. Nikaacha kula vizuri. Mama akaniambia, "Binti, hiyo insha ni ya kuandika au ya kuumwa?"

Mbulgaria aliponiona ninavyokwisha, alifungua mkoba wake akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ilikuwa insha yake mwenyewe, ile iliyompatia ufadhili.

"Soma uone imejengwaje," alisema. "Inaanzia wapi, inageukia wapi. Halafu unirudishie. Na usimwonyeshe mtu."

Insha yenyewe ilihusu pilipili hoho. Kila vuli, katika jengo la ghorofa nane alimokulia, kila familia ilichoma pilipili hoho nyekundu kwenye jiko dogo la umeme lililowekwa barazani, wakazimenya na kuzitia kwenye chupa ili wazile wakati wa baridi. Harufu ilijaa ngazi zote. Yeye akiwa mtoto alipanda ngazi akihesabu milango yenye harufu. Mwaka mmoja milango ishirini na nane. Mwaka uliofuata ishirini na tano. Watu walikuwa wanaondoka nchini, familia baada ya familia, na yeye alijua kwa pua. Sentensi ya mwisho ilisema anataka kusoma ili ajue kwa nini watu huondoka mahali palipowalea, na nani hubaki akihesabu.

Nilikaa nayo wiki moja. Nikaisoma kwa njia pekee niliyoijua. Nilinunua daftari jipya, nikainakili toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mstari. Kisha tena. Mara nne. Mara ya nne sikuhitaji kuiangalia.

Nilimrudishia karatasi zake Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada nikakaa mezani nikaandika insha yangu kwa mkao mmoja. Haijawahi kunitokea tena. Sentensi zilikuja zimenyooka. Niliandika juu ya moshi wa jikoni kambini, jinsi kila basi la wanaosafiri lilipoondoka, siku iliyofuata moshi mmoja ulipungua kwenye mstari wetu wa nyumba, na mimi mtoto nikipita nikihesabu. Mwishoni niliandika kwamba nataka kusoma ili nijue kwa nini watu huondoka, na nani hubaki akihesabu. Nilifikiri Mungu amenifungulia.

"Nionyeshe," Mbulgaria alisema.

"Bado haijawa safi."

Ilikuwa safi. Nilitaka aione siku nitakayoshinda. Na pia, maisha yangu yote, sijawahi kumwonyesha mtu kazi yangu kabla haijafika pasipo na cha kusahihisha. Laiti ningemwonyesha, angeiona tangu mstari wa kwanza, angecheka, tungeiandika upya.

Barua ikaja kwamba nimeitwa kwenye usaili. Kanisani waliniombea mbele ya watu wote. Yule mama wa Uvira alinipa skafu yake ya ibada. Nikapanda basi kwenda Columbus.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliishi Linden, mtaa mmoja wa mji huo, kwenye nyumba ya mbao ya kupanga ambayo nusu yake ilikaliwa na familia nyingine. Siku moja kabla ya usaili alinikalisha kwenye kochi akazima televisheni, akanifundisha kama alivyofundishwa yeye kambini kabla ya kuhojiwa na watu wa uhamisho wa kwenda Amerika.

"Watakuuliza jambo moja mara tatu," alisema. "Mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili kwa njia nyingine. Mara ya tatu watakuambia pole, tulia, chukua muda wako. Hapo ndipo wanakukamata. Ukishasema neno, hilo ndilo neno lako. Usilibadilishe."

"Hawa ni watu wa chuo, mjomba. Si wa uhamisho."

"Mtu mwenye meza na faili ni mtu mwenye meza na faili. Unamkumbuka jirani yetu fundi baiskeli? Usaili wa kwanza alisema ana watoto wanne. Wa pili akasema watano."

"Alidanganya?"

"Mtoto alizaliwa katikati. Lakini alibadilisha neno. Mpaka sisi tunaondoka alikuwa bado yuko pale, anaziba pancha."

Hakucheka, nami sikucheka. Nilikariri.

Chumba cha usaili kilikuwa na watu watatu na jagi la maji. Mama wa makamo aliyekaa katikati alinisalimia vizuri, kisha akaweka mezani karatasi zangu, na kando yake karatasi nyingine mbili. Zote zilikuwa zimepakwa rangi ya manjano kwenye mistari. Nilizitambua zile nyingine kwa umbo la aya zake, hata kabla ya kusoma. Nilikuja kujua baadaye kwamba dada yangu Mbulgaria, alipokuwa akitafuta ufadhili kutoka kwao, alituma insha ile ile kwenye vyuo kumi na kimoja, na kimojawapo kilikuwa hiki cha Columbus. Kompyuta yao ilizikumbuka zote.

Sentensi kumi na moja zilikuwa na rangi. Nikisema sikujua kabisa, nitakuwa nadanganya. Kumi sikuzijua. Niliapa moyoni kwamba ni zangu, na nilipoziona mbili mbili, yake na yangu, nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa usingizini. Lakini ile ya mwisho, ya nani hubaki akihesabu, niliijua. Nilipoiandika Jumapili ile, kalamu ilisimama kidogo. Nikajiambia nimebadilisha ya kutosha.

"Unamfahamu aliyeandika hii?" yule mama akauliza.

"Ndiyo."

"Uliipataje?"

"Alinipa."

Ilikuwa kweli. Nilidhani kweli inatosha.

"Alikupa ili uitumie?" akauliza mwanamume aliyekuwa kulia kwake.

Nilimsikia mjomba kichwani. "Alinipa," nikasema.

Walitazamana. Yule mama akanimiminia maji. "Chukua muda wako," alisema kwa upole. "Hatuko hapa kukuadhibu. Tungependa kuelewa. Ndiye uliyemtaja kwenye fomu kuwa mwalimu wako maktabani, sivyo? Alikusaidiaje hasa?"

Pole, tulia, chukua muda wako. Nilitazama mkono wangu juu ya meza. Nilikuwa bado nimevaa uzi wake. Miti ilikuwa imeanza kuchanua njia nzima toka Louisville, lakini sikuwa na uhakika ni mti wa aina gani unaohesabika, kwa hiyo sikuuvua.

"Alinipa," nikasema mara ya tatu.

Waliandika.

Mjomba alikuwa akinisubiri ndani ya gari. "Ulibadilisha?"

"Sikubadilisha."

"Vizuri," akasema, akawasha gari.

Ufadhili nilinyimwa kwa barua ya aya moja, na hilo nililistahili. Lililofuata ndilo nisilolipatia maneno. Wiki mbili baadaye nilifika maktabani nikakuta meza ya Mbulgaria tupu. Alikuwa nje, kwenye kituo cha basi, mikono mifukoni. Hakuwa na mbegu.

"Chuo changu wamepata barua kutoka Columbus," alisema. "Wanauliza ni watu wangapi nimewaandikia insha."

"Hukuniandikia."

"Niliwaambia hivyo. Wakasema wewe umesema nilikupa."

"Ulinipa."

"Nilikupa usome." Alisema taratibu, kama anavyosema mtu anayeeleza sehemu kwa mara ya pili. "Wanaofundisha maktabani hawaruhusiwi kumpa mwanafunzi kazi ya kutumia. Ni sharti. Wakiamini nilikupa utumie, saa zangu zinaondolewa, na ufadhili unaondoka nazo. Unaelewa?"

Nilielewa.

"Andika mistari mitatu. Kwamba nilikukopesha usome tu. Kwamba hukuniambia umeitumia. Kwamba sikuwahi kuiona yako. Tia sahihi. Kamati inakaa Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Ipeleke ofisini chuoni wewe mwenyewe."

"Nitaandika leo."

"Mistari mitatu, dada," alisema. Basi lake likaja.

Niliandika siku hiyo hiyo. Mistari mitatu. Nikaisoma, nikaona mstari wa pili unaonyesha kama nilikusudia. Nikaandika upya. Sasa ulionyesha kama nakwepa. Jumatatu niliandika kwenye mapumziko, Jumanne pia. Nilikuwa nikifikiria ile kamati ikiishika barua yangu, watu wa chuo, watu waliosoma, baada ya kuisikia habari yangu kama ya mwizi. Hiki kilikuwa kitu pekee changu ambacho wangewahi kukisoma. Sikuweza kuvumilia kiwe na kosa.

"Iyi barua haiishaka?" mama wa Uvira aliniuliza Jumatano. "Donc uko unaandika Biblia ingine?"

"Ni fupi tu, mama."

"Bon, fupi. Minakuona na ma papier kama avocat mwenye kesi."

Mjomba naye alipiga simu. Mama alikuwa amemwambia. "Usitie sahihi," alisema. "Unaandika kwa mkono wako kwamba ulisema hivi na sasa unasema hivi? Karatasi hiyo itakusubiri. Siku unaomba uraia wataitoa."

"Yeye atafukuzwa, mjomba."

"Yeye ana nchi ya kurudi," akasema.

Ningependa kusema kwamba ni woga wa mjomba ulionichelewesha. Ungekuwa kisingizio cha heshima. Uliongeza siku moja, labda. Siku nyingine zote nilizila mwenyewe. Alhamisi nilikuwa nimefika nakala ya kumi na saba, yenye mistari tisa, kila neno limekaa mahali pake. Ijumaa asubuhi niliamka nikaona nimeandika tarehe kwa wino uliovuja kidogo. Nikaandika ya kumi na nane. Nikakosa basi la saa mbili na nusu. Nikapanda lililofuata.

Nilifika ofisini saa tano kasorobo. Karani wa ofisi, kijana mwenye sauti ya chini, aliichukua, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaandika saa.

"Kamati imekwisha kukaa," alisema. "Nitaiweka kwenye faili lake."

"Hawawezi kuisoma sasa?"

"Wameshatoka. Uamuzi ni wa leo." Aliitazama barua. "Mwandiko mzuri," akasema. Nadhani alitaka kuniliwaza.

Mbulgaria alimaliza muhula, kwa sababu ulikuwa umelipwa, kisha akaondoka. Sikumwona tena. Maktabani alikuja mwenzake mmoja, naye Mbulgaria wa ufadhili, msichana mfupi mwenye miwani, kuchukua kikombe na vitabu vyake. Alinikuta nimekaa pale pale tulipokuwa tunakaa.

"Wewe ndiye wa mistari mitatu?" akauliza.

Nikafunga daftari langu.

"Alisema utaleta. Mpaka saa nne kamili alikuwa anatuambia utaleta. Alisema wewe huchelewi, unapanga tu." Akaweka kikombe ndani ya mkoba. "Sisi wengine tulikuwa tunamcheka."

Nilivua uzi siku hiyo. Haukufunguka, nikaukata kwa meno.

Sikuweza kukaa Louisville. Kanisani waliendelea kuuliza majibu ya maombi. Mwaka uliofuata nikahamia Buffalo kwa binamu yangu, chumba juu ya duka kwenye Grant Street, ambako chini wanauza unga wa muhogo na dagaa na kutuma pesa Bujumbura. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Nasimama mbele ya mkanda mwingine. Mikate iliyopinda naitoa. Msimamizi ananisifu kwa kuwa naiona hata iliyopinda kidogo sana.

Kutoka Buffalo nilimwandikia Mbulgaria ujumbe kwa simu. Nilijilazimisha kuutuma bila kuurudia, na ulikuwa na makosa, na niliyaona yote mara tu ulipoondoka. Alijibu baada ya wiki mbili.

"Niko nyumbani," aliandika. "Napokea simu za Wamarekani ambao mashine zao za kufulia zimeharibika. Wananiuliza nimejifunza wapi Kiingereza, nawaambia Kentucky, hawaamini. Picha yangu bado iko ukumbini shuleni. Mama siku hizi anazunguka njia nyingine asipite hapo. Barua yako chuo walinitumia pamoja na faili langu. Nimeisoma. Haina kosa hata moja."

Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima.

Majira ya kuchipua, binamu alinisukuma nijaribu kozi ya jioni kwenye chuo kidogo cha hapa. Fomu yao ilitaka ukurasa mmoja tu, useme umetoka wapi. Nikakaa mezani, na kitu cha kwanza kilichokuja kilikuwa moshi. Nikauona kabisa, mstari wa nyumba zetu, mtoto anayepita akihesabu. Nikashindwa kujua kama mtoto huyo ni mimi, au ni yule wa ngazini, mwenye pilipili hoho, niliyemvika nguo zangu. Nilijaribu kukumbuka idadi ya moshi. Nikapata ishirini na nane.

Nikampigia mama. Alikuwa ametoka kazini, nilisikia akivua viatu.

"Mama, kule kambini, nilipokuwa mdogo, nilikuwa nahesabu moshi wa majirani?"

"Moshi gani?"

"Wa jikoni. Watu wakiondoka."

"Kuni zenyewe tulikuwa tunapigania, nani akae anahesabu moshi wa watu?" Akacheka kidogo. "Wewe hukuwa na muda huo. Wewe ulikuwa na madumu yako."

"Madumu gani?"

"Umesahau? Foleni ya maji. Watu walikuwa wanaibiana madumu, kwa hiyo wakawa wanakuletea uwaandikie majina, kwa ile rangi aliyokupa mwalimu. Kila siku bombani, mtoto kama kijiti, na brashi yake. Watu wazima wamekuzunguka."

Sikuwa nakumbuka. Kisha nikakumbuka harufu ya rangi, na plastiki ya njano iliyochanikachanika, na jinsi herufi zilivyokataa kunyooka kwenye mgongo wa dumu. Ilikuwa yangu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Ilikuwa ndani yangu wakati wote nilipokuwa nikichana mianzo tisa.

"Ulikuwa msumbufu lakini," mama akaendelea. "Herufi ikipinda, unafuta kwa kitambaa, unaandika upya. Foleni inasogea, watu wanakupigia kelele, wewe husikii. Siku moja kulikuwa na mama mmoja, mjamzito, alikuwa mgeni kwenye mstari wa nyumba za nyuma yetu. Ulimshikilia dumu lake mpaka zamu yake ikapita. Nikakuambia mpe, mpe mwenzio. Ukasema bado. Kufika bombani, wamefunga. Siku hiyo na kesho yake maji hayakutoka."

Chini, mtu alikuwa anaburuta magunia dukani.

"Yule mama alisema nini?" nikauliza.

"Aliliangalia dumu. Akasema jina limependeza." Nikamsikia akiweka sufuria jikoni. "Kisha akaondoka nalo hivyo hivyo, tupu."